Jina alilolitaja, na jina alilolikataa



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja aliuliza: kama umemjua mtu aliyekupiga risasi, na ni mtoto wa rafiki yako, utalitaja jina lake kwa polisi? Wengi walinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, ingawa jambo hilo nililiona kwa macho yangu. Leo ninawaandikia yale niliyoshindwa kuyasema siku ile.

Ilikuwa mwaka 2019, hapa Bukavu, kwenye avenyu yetu ya Kadutu. Jirani yangu alikuwa na butike ndogo mbele ya parseli: sabuni, chumvi, mafuta, mayunite ya simu. Wote tulimwita Mama Butike. Usiku mmoja wa mvua, alipokuwa anafunga, watu watatu waliingia na bunduki, wakadai pesa za likelemba. Yule mwenye bunduki aliwasha simu ili aone kisanduku, na mwanga ukamrudia usoni. Mama alishituka, akamwita kwa jina. Hapo risasi ikalia, ikampiga kwenye paja.

Nilifika wa kwanza, kwani parseli zetu zimepakana. Tulimfunga kikwembe, tukampeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nikiwa nimemshika kwa nyuma. Njiani aliniambia lile jina sikioni. Mwili wangu ulilegea. Kijana huyo nilimfundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi, na mama yake alikuwa mwenzetu katika likelemba ile ile.

Asubuhi wageni walijaa kando ya kitanda. Wengine walimwambia: «Nyamaza, mama. Mambo ya kartie yaishie kwenye kartie. Wenzake watarudi.» Wengine walisema: «Taja na yule kijana anayesimama kwenye kona kila siku. Yeye pia ni mwizi, kila mtu anajua.» Kijana huyo wa kona watu walikuwa wamekwisha kumkamata alfajiri na kumpiga. Kama shefu wa avenyu hangeingilia kati na kumpeleka polisi, wangemchoma.

Afisa wa polisi, yule OPJ, alipofika, aliomba wageni watoke. Mama Butike akaomba mimi nibaki, kwani hajui Kifaransa. Alieleza kila kitu kwa Kiswahili: saa, mvua, simu, uso, jina. Mwishoni afisa akauliza: «Na yule wa kona?» Akajibu: «Watu wanasema ni yeye.»

Afisa aliandika PV yake kwa Kifaransa, kisha akaleta wino wa kidole. Nikaomba kwanza nimsomee mama kwa Kiswahili. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba amewatambua watu wawili, alinishika mkono.

«Hapana, mwalimu. Nilimuona mmoja. Wa pili ni watu ndio wanaosema. Afute.»

Afisa alifuta, akaandika upya, nami nikasoma tena. Ndipo mama akaweka kidole chake.

Kijana wa kona aliachiliwa kesho yake. Sheria yetu kubwa, Katiba ya mwaka 2006, inasema katika kifungu cha 18 kwamba polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya wakubwa wa sheria. Yule mwingine alikamatwa. Kwa sababu bunduki ilikuwa ya vita, faili ilikwenda kwa mahakama ya kijeshi, naye akahukumiwa.

Siku ya tano, mama yake alikuja hospitalini na termosi ya uji. Usiku watu walikuwa wametupa mawe juu ya mabati yake. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Mama Butike alimtazama muda mrefu, kisha akasema: «Jina la mtoto wako sitalifuta kwenye karatasi. Lakini wewe dada, ingia ukae.» Waliketi pale wote wawili, wakilia. Uji ulipoa.

Wamama, sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Alipotoka hospitali, Mama Butike alilala kwa dada yake mkubwa karibu mwezi mzima, kwa ajili ya woga. Mpaka leo anatembea na fimbo. Lakini nilijifunza kwake mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha.

Ukimjua aliyekutendea ubaya, sema, hata akiwa mtoto wa rafiki. Sema uliyoyaona na uliyoyasikia wewe mwenyewe. Ya jirani uyaache kwa jirani. Usiweke kidole kwenye PV ambayo haijasomwa kwa lugha unayoielewa. Ukiwa na woga, mwombe mama mwenzako akusindikize. Hiyo pia ni kazi ya kundi letu. Na tusimpige mawe mama wa mtoto aliyekosa, wala tusichome mtu kwa maneno ya kona.

Likelemba yetu inaendelea. Siku ya posho wamama hao wawili hukaa kwenye benchi moja. Mara nyingi hawaongei sana. Mkutano ukiisha, yule mmoja huchukua fimbo na kumpa mwenzake, kisha wanashuka pamoja.

Mwalimu wenu