Wajibu, Muhali na Jaizi: Falsafa Chini ya Paa la Makuti

Watu wengi wasikiapo neno falsafa hukumbuka Wayunani na vyuo vikuu vya Ulaya. Na wasikiapo habari za chuo cha Kurani cha kijijini hukumbuka watoto wanaoyumbayumba juu ya mkeka wakikariri wasiyoyaelewa. Sisi tuliosoma chuo huko Mahege, katika nchi ya Rufiji ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Kibiti, tunayo sababu ya kusema kwamba picha zote mbili zina kasoro. Falsafa ya kwanza tuliyofundishwa maishani tulifundishwa chini ya paa la makuti, na jina lake hatukuambiwa.

Tulipokwisha kuhitimu, Maalim wetu alitusomesha tauhidi kwa kijitabu kilichokuwa kimepoteza jalada. Kabla ya kutufikisha kwenye sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, alituweka siku nyingi kizingitini, yaani kwenye hukumu tatu za akili. Kila kitu ambacho akili yaweza kukifikiri, alisema, hakikosi kuwa kimoja katika vitatu: ama ni wajibu, yaani akili haikubali kisiwepo, ama ni muhali, yaani akili haikubali kiwepo, ama ni jaizi, yaani kuwepo kwake na kutokuwepo kwake ni mamoja mbele ya akili. Kisha akatutaka tutoe mifano. Kitu kimoja kutembea na kutulia kwa wakati ule ule? Muhali. Mnazi kuzaa maembe? Sote tulipaza sauti, "Muhali!" naye akatukatiza. Hiyo, alisema, ni jaizi, ila hatujapata kuiona. Na jambo kutoonekana si hoja ya kwamba haliwezekani.

Miaka mingi baadaye, tulipokuwa walimu wa shule na kupata vitabu, ndipo tulipotambua ukoo wa somo lile. Utaratibu wa kuanza na hukumu tatu ni wa Muhammad bin Yusuf al-Sanusi, mwanachuoni wa Tlemcen katika nchi ya Algeria, aliyefariki mwaka 1490, ambaye kitabu chake kidogo, Umm al-Barahin, kilienea sehemu nyingi za Afrika na hata Asia ya kusini-mashariki. Lakini nyuma ya Sanusi yupo Ibn Sina, mganga na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037. Yeye ndiye aliyejenga hoja yake yote juu ya tofauti hiyo: kila tukionacho duniani ni jaizi kwa dhati yake, kwa hiyo chahitaji sababu ya kukileta katika wujudi, na mfuatano wa sababu hauna budi kutegemea Aliye wajibu kuwepo. Kwa hiyo mtoto wa Mahege aliyekuwa akikariri "wajibu, muhali, jaizi" alikuwa amekalia kipande cha mkeka uliotandikwa tangu zama hizo.

Misingi ya falsafa hii aghalabu hutajwa kuwa miwili: wahyi na akili. Ni kweli, lakini haitoshi. Wapo waliojenga zaidi juu ya vitabu vya Wayunani vilivyofasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdadi katika karne ya tisa, kama vile al-Kindi na al-Farabi. Na wapo wanachuoni wa kalamu, wafuasi wa al-Ash'ari, waliotumia mantiki kuilinda itikadi. Watu wa pwani yetu, ambao Ibn Battuta aliwakuta wakifuata madhehebu ya Shafii alipofika Kilwa mwaka 1331, walipokea zaidi mkondo huu wa pili. Wala hawakuupokea vitabuni tu. Akili, hoja, dalili, sababu, dhati, sifa, maana, hakika, muhali: maneno haya ya wanafalsafa leo yanatamkwa sokoni na mtu asiyejua hata herufi moja. Mengine yamegeuka njiani. Hayati, ambayo katika sifa ishirini ni uhai, kwetu imekuwa cheo cha maiti!

Lakini si kwa ajili ya maneno tu tuliyakumbuka masomo yale. Yako mambo yaliyotufika.

Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, iliyoendelea hadi 1969, ya kuwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Udongo mwema ni ule ulioletwa na mto, na kilimo cha mlao, yaani kupanda maji yanapopungua, hakiwezekani kilimani. Kwa hiyo kila msimu wazee walirudi bondeni, wakajenga madungu yao juu ya nguzo, wakalinda mpunga.

Katika masika ya 1974 maji yalianza kupanda. Maalim alikwenda kila alfajiri kwenye mwembe uliokuwa ukingoni, akachanja shina kwa panga pale maji yalipofika. Siku ya nne alimwendea babu yetu, ambaye alikuwa ameweka akiba yake yote ya mpunga dunguni, akamshauri aipandishe kilimani. Babu alikataa. Alisema, kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri, kwamba ikiwa Mungu ameandika mpunga ule uchukuliwe na maji, basi utachukuliwa hata ukiwekwa juu ya paa la msikiti.

Hapa ndipo msomaji wa vitabu vya falsafa atakapodhani kwamba anamsikia al-Ghazali. Kwani Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba mshikamano wa moto na kuungua kwa pamba si wa dharura. Twaona pamba ikiungua mbele ya moto, wala hatuoni kwamba moto ndio uunguzao. Mfanyaji ni Mungu, na yale tuyaonayo yakifuatana ni ada yake. (Kwetu neno ada limekwenda shuleni likawa fedha.) Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa ukali kwamba mwenye kuondoa sababu ameondoa akili yenyewe, maana akili si kitu kingine ila kuvitambua vitu kwa sababu zake. Tangu hapo wako waandishi wanaomtupia Ghazali lawama ya kila uvivu wa fikra katika nchi za Kiislamu.

Sisi twaona lawama hiyo si ya haki. Mtu huyu alikataa baadhi ya mafundisho ya wanafalsafa, lakini mantiki yao aliishika, akasema asiyeijua elimu yake haiaminiki. Na katika Ihya, anapoeleza maana ya kutawakali, amefundisha kwamba mwenye njaa asiyenyosha mkono kwenye chakula akingoja Mungu amshibishe hakutawakali, bali amepungukiwa akili. Ada ya Mungu haina dharura juu ya Mungu. Lakini juu yetu sisi ndiyo njia tuliyopewa ya kuendea. Na hilo ndilo Maalim alilomwambia babu, bila kumtaja Ghazali. "Mzee wangu, hizi alama mwembeni ndizo ada yake. Ametuonyesha siku nne mfululizo." Habari ya ngamia anayepaswa kufungwa kwanza ndipo mtu atawakali, yeye aliisimulia kwa mtumbwi, kwa sababu ngamia hatukuwa naye.

Babu hakuipandisha. Usiku wa sita dungu lilikwenda na maji. Yeye mwenyewe aliokolewa na vijana wenye mtumbwi. Mpunga haukuokolewa, na miezi iliyofuata tulikula mihogo ya kuomba kwa jamaa. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, hakuiona mvua iliyofuata.

Baada ya matanga babu alikuja barazani kwa Maalim. Akauliza, "Je, haikuwa kadari?" Maalim akajibu kwamba ilikuwa kadari, na kwamba kushauriwa kwake siku ya nne kulikuwa kadari pia. Babu akainamisha kichwa. Hapo dada yetu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, akasema kutoka mlangoni neno ambalo kwa desturi msichana hakulisema mbele ya wazee: kama mafuriko ni jaizi, yaani yangeweza kuwa na yangeweza yasiwe, kwa nini Mungu alichagua yawe? Tulidhani atakemewa. Maalim alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo, mwanangu, kijitabu changu hakilifikii." Hatukumwona tena akisomesha siku ile.

Tumesoma majibu mengi tangu wakati huo, ya wana wa kalamu na ya wanafalsafa, na hakuna lililotutuliza kuliko kimya kile.

Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizipiga tena wilaya za Rufiji na Kibiti, maelfu ya watu wakapoteza nyumba na mashamba. Tulipofika Mahege tulikuta baraza imejaa ubishi. Mmoja alitaja mvua za El Nino, mwingine bwawa jipya la Mwalimu Nyerere lililo juu ya mto, mwingine ukataji wa miti, na mzee mmoja alitaja kadari kisha akanyamaza. Mwembe wa Maalim haupo tena. Lakini kando ya njia iendayo mtoni wanafunzi wa sekondari walikuwa wamesimika mti mrefu wenye alama za kisu, na wawili kati yao, mvulana na msichana, walikuwa wakibishana alama ya juu kabisa ilichanjwa siku gani.