Udongo Mwekundu Nilioufuta

Nilichokiharibu hakikuwa changu, na aliyenilipa hakujua kwamba kimeharibika. Ni milango ya mbao, mbawa mbili zinazokutana katikati, katika kanisa moja dogo la Waorthodoksi hapa Bujumbura. Kanisa silitaji, kwa sababu kosa ni langu.

Ufundi wangu nimeupatia mtaani Buyenzi, kwenye vitanda, makabati na milango ya nyumba. Mimi ni Mwislamu, na kwa kazi za nakshi nilijiona sina mpinzani. Nilikwisha kuona milango ya Zanzibar, maua yake na minyororo yake, na nilijua patasi inapita wapi. Lakini mlango wa Zanzibar haupakwi dhahabu. Unapakwa mafuta, basi. Kiburi kikaniponza hapohapo.

Milango hiyo, ambayo wenyewe huiita Milango ya Kifalme, husimama katikati ya ukuta wa ikona unaotenga waumini na madhabahu. Juu huchorwa Jibrili upande wa kushoto na Bi Mariamu upande wa kulia, akipashwa habari ya mtoto. Chini huwekwa waandishi wanne wa Injili. Hapiti hapo mtu isipokuwa askofu, padri au shemasi, tena kwa wakati wake katika ibada. Wiki nzima baada ya Pasaka huachwa wazi. Haya nimeyajua baadaye, kwa sababu sikuuliza. Nilichoona mimi ni mzabibu uliochongwa vizuri sana, dhahabu iliyochujuka, na wekundu ukichungulia kwenye miinuko ya majani. Nikasema huo ni uchafu, au rangi ya mtu asiyejua kazi.

Nikaiosha kwa maji na sabuni.

Wanaoijua kazi hiyo watashika kichwa wakisoma hapo. Dhahabu ile hailali juu ya mbao tupu. Mbao hupakwa kwanza gundi ya ngozi ya mnyama, kisha chaki iliyokorogwa na gundi hiyohiyo, tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa hadi iwe laini kama ganda la yai. Juu yake huja udongo mwekundu, laini mno, na huo ndio kitanda cha dhahabu: ndio unaoipa joto la rangi na kuiwezesha kusuguliwa. Jani lenyewe ni jembamba kiasi kwamba ukipanga elfu kumi utapata kama milimita moja. Hulazwa juu ya udongo uliolowanishwa, likikauka husuguliwa kwa akiki, jiwe lile lile la pete zetu, mpaka ling'ae. Kilicholazwa kwa maji huondoka kwa maji, nami nilikuja na ndoo.

Kilichobaki nilikimaliza kwa msasa, nikapaka rangi ya dhahabu ya kopo. Ilimeremeta kweli! Padri akasifu, akalipa.

Rangi ya kopo ni unga wa shaba na zinki. Dhahabu haishiki kutu, shaba hushika, na unyevu wa mji huu wa ziwani mnaujua. Haukupita muda mrefu, majani ya mzabibu yakageuka kahawia, na kwenye mikunjo ukaota ukijani.

Padri aliponiita hakunifokea. Aliuliza tu, “Fundi, dhahabu imekuwaje?” Nikamjibu kwamba ni moshi wa ubani na mishumaa. Akaniamini. Uongo huo unanikera kuliko ndoo ya maji, maana ndoo niliishika kwa kutojua.

Nilirudi baadaye nikamweleza ukweli, nikamrudishia faranga zake. Ndipo aliponiambia kuwa milango ile ililetwa kutoka Ugiriki na wafanyabiashara wa Kigiriki, enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa bado Usumbura. Wagiriki wamebaki wachache. Wanaosali pale leo wengi ni Warundi, chini ya Patriarki wa Aleksandria. Urithi nilioukwangua ni wao.

Kuipaka upya inawezekana, kwa chaki, udongo na dhahabu halisi, lakini itakuwa kazi mpya. Ile ya mwanzo hairudi.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa makanisa, na wa misikiti pia: kabla hamjamkabidhi fundi kitu cha kale, mwambieni ajaribu kwanza kwa pamba yenye unyevu kidogo, pembeni pasipoonekana, nanyi mmesimama hapo. Pamba ikitoka nyekundu, mzuieni.