Mioto ya Uluguru, Tangu Marufuku hadi Kibali

Moto unaosumbua milima ya Uluguru hauanzii msituni. Huanzia kwenye nyasi za miteremko ya chini, pale mashamba ya mahindi na mihogo yanapopakana na miombo na mapori yaliyoachwa yapumzike. Upande wa mashariki, wa Kinole na Matombo, mawingu ya Bahari ya Hindi humwaga zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa magharibi, unaotazama Mlali na Mzinga, hupata mvua haba zaidi. Masika yakiisha, nyasi za magharibi na zile zilizo juu ya mji wa Morogoro huanza kukauka, na ifikapo Septemba zinasubiri kiberiti tu.

Wakazi wa Kilakala na Kigurunyembe mjini Morogoro wa miaka ya 1970 na 1980 waliujua msimu huo kwa kuutazama mlima usiku. Mstari mwekundu ulipanda polepole kuelekea Morningside au mabega ya kilele cha Lupanga, ukakatika kwenye korongo, ukaibuka upande wa pili. Asubuhi majivu meusi, membamba kama uzi, yalikuwa yametua kwenye nguo zilizolala nje kambani. Watu walifua upya na maisha yakaendelea. Ilionekana ni jambo la kila mwaka, na aliyeuwasha moto hakutafutwa. Angeweza kuwa mkulima anayesafisha shamba kabla ya vuli, mrina asali aliyeacha mwenge ukifuka, mchoma mkaa, au mwindaji anayetaka ndezi watoke mafichoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba. Jirani wa shamba mara nyingi alikuwa ndugu, kwa hiyo moto wa kusafishia ulikuwa na mwenyewe, na ukivuka mpaka, kulikuwa na wa kuulizwa. Mwaka 1909 serikali ya Kijerumani iliitenga misitu ya juu kuwa hifadhi ili kulinda vyanzo vya maji. Mpaka uliwekwa kati ya msitu na nyasi, na tangu siku hiyo moto mmoja ukawa na mabwana wawili: wa chini aliyeuhitaji na wa juu aliyeukataa.

Mgogoro huo ulifikia kilele katika miaka ya 1950. Serikali ya Kiingereza, ikiogopa mmomonyoko wa udongo katika milima inayoulisha mto Ruvu, ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi na kuwakataza kuchoma majani. Kwenye udongo mwembamba wa mashariki matuta yalifukua tabaka lisilo na rutuba na mazao yakadhoofu. Julai 1955 vurugu zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Lakini Mgeta, ambako kilimo cha mboga kilikuwa kimeshashamiri, matuta yalibaki.

Katazo la moto halikufa na mpango huo. Sheria ya misitu ya kikoloni, Sura ya 389, iliendelea kutumika baada ya uhuru hadi ilipofutwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na kwa mkulima wa kawaida maana yake ilikuwa moja: ukikutwa na moto, una kesi. Kasoro ya marufuku ya namna hiyo inaonekana mtu akifuata hatua za anayeivunja. Anayechoma kwa siri huchagua saa ya watu kutokuwepo, yaani mchana wa jua kali au usiku wa manane, wala hapimi upepo. Halimi mstari wa kuzunguka shamba, kwa sababu mstari ni ushahidi. Moto ukimshinda hawezi kupiga yowe, huondoka. Kwa jinsi hiyo marufuku haikupunguza mioto sana. Ilichofanya zaidi ni kuisogeza kutoka mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa na unyevu bado, hadi mwishoni mwake, na kuinyang'anya wenyewe. Mlinzi mmoja wa msitu mwenye kilomita kadhaa za mpaka asingeweza kuziba pengo hilo.

Mabadiliko yalikuja polepole, na si yote yalihusu moto moja kwa moja. Kuanzia 1993 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilifanya kazi na wakulima wa Uluguru kupitia mradi wa kilimo uliojulikana kama UMADEP. Sera ya Misitu ya 1998 ilifungua mlango wa usimamizi shirikishi, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikauweka kisheria. Sheria hiyo haikuishia kukataza: inamtaka anayetaka kuchoma uoto nje ya eneo la makazi yake apate kibali kwanza. Hapo ndipo moto uliporudi kuwa na mwenyewe. Mtu mwenye kibali huweza kuita majirani, kulima mstari mchana kweupe na kukaa hadi moshi uishe.

Miaka michache baadaye mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa bonde la Mfizigo, Kibungo Juu, kwa kutunza maji yanayoteremka Ruvu, mto ambao mitambo yake ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huinywesha Dar es Salaam. Wakulima walilipwa kwa kupanda miti, kuacha mikanda ya nyasi na, ajabu ya mambo, kuchimba matuta yale yale yaliyoleta vurugu 1955. Shamba lenye miti ya matunda, iliki au karafuu lina mlinzi: mwenye nalo ndiye wa kwanza kukimbilia moto wa jirani. Mwaka 2008 misitu ya kaskazini na kusini iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, takriban hekta 24,000, ambayo leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Kazi yenyewe ya kuudhibiti moto huanza Juni au Julai, kabla ya moto wowote. Njia za kuzuia moto hulimwa kando ya mpaka hadi udongo mtupu uonekane, na nyasi zilizo karibu huchomwa mapema, alasiri, ili umande wa jioni umalizie kuzima. Moto wa namna hiyo huruka sehemu mbichi na kuacha mabaka, na mabaka ndiyo yanayotakiwa, kwa sababu moto wa Septemba ukifika pale hukosa chakula.

Moto ukitokea, rimu ya gari iliyoning'inizwa shuleni hugongwa na simu hupigwa. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo, lakini gari la zimamoto halipandi mlima. Anayepanda ni mwanakijiji mwenye panga, jembe na tawi bichi. Kiongozi huhesabu watu kabla ya kuondoka, huwahesabu tena juu. Kanuni kubwa ni kutosimama juu ya moto unaopanda. Kwa kawaida ya wazimaji, mteremko ukiongezeka nyuzi 10 mwendo wa moto hukaribia kuwa maradufu, kwani ndimi hulalia nyasi za mbele na kuzikausha kabla ya kuzigusa. Kwa hiyo kikosi huanzia mkiani, mahali palipokwisha kuungua, na kubana mbavu zote mbili kuelekea kichwani. Tawi halipigwi kwa kurushwa, maana cheche huruka. Hubandikwa juu ya ndimi na kukokotwa kuelekea upande ulioungua.

Kichwa cha moto kikiwa kikali, hakifuatwi uso kwa uso. Mstari hukatwa mbele sana, ng'ambo kidogo ya kilele cha kilima, kwa kuwa moto hupunguza mwendo unapoanza kuteremka. Ikibidi, moto mwingine huwashwa kutoka kwenye mstari huo ili uende kukutana na ule mkubwa na kumaliza nyasi katikati. Hatua hii hupewa mtu anayeujua upepo wa mlima: mchana hupanda, usiku huteremka. Wazoefu wengi husubiri jioni.

Sehemu inayopuuzwa ni ya mwisho. Visiki hufuka siku nzima, na gogo lililoungua katikati hukatika, likaviringika kuvuka mstari na kuwasha nyasi mpya chini ya waliodhani wamemaliza. Kwenye mteremko mkali huchimbwa mfereji mfupi chini ya kila gogo. Wakulima wa mboga, kwa upande wao, huenda kukagua mipira ya plastiki ya kumwagilia, kwa sababu moto wa nyasi ukiipitia huiyeyusha.

Msitu mbichi wenyewe hauungui kirahisi. Moto hufika ukingoni ukafa, lakini gome la miti ya ukingo huwa limeiva. Miti hiyo hukauka, nyasi na magugu huingia mahali pake, na mwaka unaofuata moto hufia hatua chache ndani zaidi. Juu kabisa, kwenye nyasi za uwanda wa Lukwangule, zaidi ya mita 2,400, kuna hatari ya aina nyingine: ni mbali na vijiji, na hakuna wa kufika kwa wakati. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, ulioteketeza takriban kilomita za mraba 95, ulionyesha kwa kiasi gani umbali na mwinuko huchosha hata mamia ya wazimaji.

Uwandani Mkata na Mikumi hesabu ni nyingine kabisa. Ardhi ni tambarare, upepo ndio unaoamua, na wafugaji wanahitaji majani mapya kwa mifugo. Huko barabara, trekta na uchomaji wa mapema hufanya kazi ambayo mlimani hufanywa kwa jembe.

Setilaiti zimeongeza macho. Vifaa vya setilaiti za Terra na Aqua, vilivyorushwa 1999 na 2002, huona joto katika mraba wa kilomita moja. Vya baadaye huona mita 375. Lakini moto wa nyasi unaowaka kwa saa mbili huweza kuzimika kabla chombo hakijapita, na mawingu ya mashariki huificha mingine. Kamati za vijiji bado hutegemea anayeuona moshi kwanza, na hutegemea zaidi tarehe ya kibali. Kikichelewa hadi Agosti, nyasi zimeshakauka, uchomaji wa mapema huahirishwa, na kinachobaki kwa mwaka huo ni kulima njia za moto.