Homoni Nyingi, Samaki Wadogo

Maisha yangu ya kazi yamepita katika kupima homoni ya ukuaji kwenye damu ya samaki, hasa perege, na kazi hiyo imenifunza jambo ninalolitetea hadi leo: kiwango cha homoni hiyo peke yake hakithibitishi kwamba samaki anakua. Homoni hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ubongo huizuia kwa somatostatini, na ghrelini inayotoka tumboni huichochea. Ikifika kwenye ini, hulifanya litoe homoni nyingine, IGF-1, ambayo ndiyo hasa hukuza misuli na mifupa. Perege akikosa chakula, homoni ya ukuaji huongezeka katika damu yake ilhali IGF-1 hupungua, kwa sababu ini huacha kuiitikia. Wakati huo homoni husaidia kuyeyusha mafuta ya mwili ili samaki aishi. Anayesoma kiwango cha homoni ya ukuaji tu atamsifu samaki mwenye njaa.

Kipimo chenyewe nacho kina masharti. Mbinu ya kingamwili na mionzi, iliyompatia Rosalyn Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977, ilibuniwa kwa insulini ya binadamu. Kingamwili za homoni ya ng'ombe au binadamu hazifai kwa perege, maana homoni zao zimetofautiana mno.

Wapo wasemao mizani yatosha. Ni kweli, mfugaji wa samaki huuza kilo, hauzi homoni. Lakini mizani hueleza yaliyokwisha kutokea. IGF-1 huonyesha mapema kama chakula kinageuka mwili. Wengine husema tuiongeze homoni yenyewe, wakitaja samoni aliyebadilishwa jeni, aliyeidhinishwa Marekani mwaka 2015. Najibu kwamba hata samoni huyo hakui bila kulishwa. Ukuaji waweza pia kutafutwa kwa njia nyingine: mwaka 1960 mtafiti Hickling alieleza, kutoka Malacca huko Malaya, jinsi dume la perege wa Zanzibar likizalishwa na jike la spishi nyingine lilivyotoa vifaranga madume watupu. Madume hukua haraka, kwani jike huatamia mayai mdomoni na kukaa bila kula.

Kwa hiyo nawasihi vijana watakaochukua damu ya samaki katika bonde la Ruvu: pimeni homoni zote mbili, mpime na uzito, na kila mara andikeni samaki alikula nini na lini. Bila maandishi hayo, kipimo cha gharama kubwa hakimsaidii mfugaji.