Timu ya Mwanangu Imefungwa Mechi Tisa

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayecheza mpira, unajua kuwa msimu wa vipigo hauishii uwanjani. Mtoto anaubeba, na nyumba nzima inausikia uzito wake.

Sisi tunaishi Houston, Texas. Kifungua mimba wetu yuko mwaka wa pili chuoni na anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Msimu uliopita walicheza mechi 11, wakapoteza tisa. Ufadhili wake wa michezo hulipa nusu ya ada, nao hutolewa mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi na baba yake tulitazama mechi huku tukipiga hesabu za ada.

Baada ya kipigo cha saba alipiga simu: "Mama, nataka kuacha." Nikamuuliza kama ameumia. Akasema hapana, amechoka kuonewa huruma na kila anayekutana naye.

Sikumpa hotuba. Nilimkumbusha habari za majirani zetu, Chuo cha Prairie View A&M, kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kati ya mwaka 1989 na 1998 timu yao ilipoteza mechi 80 mfululizo. Kwa miaka mingi ya kipindi hicho wachezaji wake hawakuwa na ufadhili wa michezo. Kijana aliyeingia mwaka 1991 alimaliza miaka yake minne bila kuonja ushindi hata mmoja. Septemba 26, 1998, waliifunga Langston 14 kwa 12, na mkosi ukaisha. Lakini mimi huwawaza zaidi wale waliohitimu kabla ya siku hiyo. Walifanya mazoezi, wakaingia darasani, wakachukua shahada zao. Ushindi ule hawakuucheza wao, ila bila wao pasingekuwa na timu ya kushinda.

Tulikubaliana amalize msimu kwanza, kisha aamue. Kuacha katikati ni kuwaachia wenzake mzigo. Kuacha baada ya kumaliza ni haki yake, hata kama itabidi tutafute ada kwingine.

Jambo moja nililijua baadaye. Kila baada ya mechi, kabla ya kutupigia sisi, alikuwa anampigia bibi yake Tanga, ambako tayari ni alfajiri ya Jumapili. Bibi hajui kanuni hata moja ya mchezo huo, wala haulizi matokeo. Huuliza tu, "Umekula, mjukuu wangu? Hujaumia?" Tangu hapo na sisi tumeanza na maswali hayo. Habari za mechi tunamwachia azilete mwenyewe.

Mechi ya mwisho walifungwa pia. Alikuja nyumbani kwa sikukuu ya Shukrani, akala pilau, akalala siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tunaosha vyombo, alianza mwenyewe kunieleza jinsi walivyopoteza mpira dakika za mwisho. Niliendelea kusuuza sahani, nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Bado hajaamua kama atarudi uwanjani. Ada tumeanza kuiweka kando, kidogo kidogo, ili siku akiamua asiamue kwa kuogopa pesa.