Kipima Mwendo Kilichochechemea

Wazazi wengi walio katika utumishi wa ulinzi wanaijua hali hii: baba yuko kazini mji mmoja, mama na watoto wako mji mwingine, na habari za nyumbani humfikia baba kwa simu, tena zikiwa zimekwisha kuharibika. Ndivyo nilivyokuwa mimi, kazini Muyinga, na jamaa zangu wako Gitega. Jioni moja mama watoto alinipigia simu, na baada ya kujuliana hali akasema, "Baba watoto, gitaa limewekwa nyuma ya kabati. Binti yako ameapa hataligusa tena." Nilipouliza sababu alinyamaza kidogo, kisha akanijibu, "Sababu ni ile saa yako."

Hiyo aliyoiita saa ilikuwa metronomu, yaani kifaa cha kupimia mwendo wa muziki. Hugonga tik, tik, tik kwa nafasi zilizo sawa, ili anayejifunza ala ajue kama anakimbia au anachelewa. Niliinunua mimi mwenyewe, na kwa hiyo makosa ninayoyasimulia hapa ni yangu.

Binti yetu ana umri wa miaka 12. Alianza kufundishwa gitaa na mwalimu mmoja wa kwaya pale Gitega. Baada ya miezi michache mwalimu alitueleza kasoro yake, ambayo wanafunzi wengi wanayo: palipo rahisi huenda mbio, palipo pagumu hupunguza mwendo, naye mwenyewe hasikii tofauti. Akatushauri tumtafutie metronomu ya nyumbani, kwa maana mwalimu humwona mara mbili tu kwa juma, na siku tano zilizobaki mtoto hana wa kumsahihisha.

Mama watoto alitaka tuulize kwanza ni ipi iliyo nzuri. Mimi nikamjibu kwa methali, kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilidhani jambo hili nalijua. Askari yeyote aliyepita uwanja wa kwata anajua mwendo ni kitu gani; majeshi mengi ya dunia hutembea hatua 120 hivi kwa dakika, na mguu uliozoea hauhitaji kukumbushwa. Kwa hiyo nilipoiona kwa mchuuzi mmoja metronomu kuukuu ya mbao, yenye umbo la piramidi na kijiti cha chuma kinachoyumba, sikuuliza maswali. Niliitia ufunguo, ikagonga, nikalipa. Likizo ilipofika niliifunga ndani ya sweta, nikapanda gari kupitia Karuzi hadi Gitega, nami njia nzima nikijiona baba mwenye kujali.

Nilipofika niliiweka juu ya rafu, nikaketi kusikiliza. Mtoto alipiga, akaachana na mgongo wa mashine. Akaanza upya, akaachana nao tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hii haiendi sawa." Nami nikamjibu kwa sauti ya uwanja wa gwaride, "Mashine haikosei. Unayekosea ni wewe." Sikumpiga wala sikumtukana, lakini neno hilo lilitosha. Nilirudi Muyinga. Yeye alijitahidi siku kumi na moja, kisha akalitia gitaa nyuma ya kabati.

Nilipopata ruhusa ya siku tatu nilirudi Gitega. Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, niliitia metronomu ufunguo, nikazima taa, nikasikiliza kama alivyosikiliza mtoto. Ndipo nikasikia: tik-tak, kimya, tik-tak, kimya. Ilikuwa ikienda kama mtu ambaye mguu wake mmoja ni mfupi. Rafu yetu ilikuwa imeinama, na metronomu ya kijiti ikiwekwa mahali palipoinama lazima ichechemee. Niliikingia kadibodi iliyokunjwa upande mmoja. Kuchechemea kukapungua, lakini hakukwisha. Kisha nikaiweka kwenye alama ya 60, nikashika saa ya mkononi, nikahesabu dakika nzima. Badala ya migongo 60 nilipata 54. Fundi saa aliyeifungua kesho yake alinionyesha kwamba kamani ilikuwa imelegea na mhimili wa kijiti umelika.

Nilimwita binti yangu, nikamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesikia sawa. Mimi ndiye niliyekosea." Hakunijibu. Alichukua saa yangu, akaitega ile mashine yeye mwenyewe, akahesabu kwa midomo bila sauti mpaka dakika ikatimia. Akafika 54. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

Kabla sijarejea kazini nilimchukua hadi Gishora, kilomita 7 hivi kutoka mjini Gitega, kwenye ngoma za kifalme. Ngoma hizo huchongwa katika gogo la mti ambao kwa Kirundi huitwa umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe. Na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mgeni huwatazama wanaoruka juu. Lakini kundi lile lina mpango wake. Ngoma ya inkiranya hukaa katikati na kuongoza. Zile ziitwazo ibishikiso huifuata. Na amashakwe hushikilia mdundo mmoja usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Kuzipiga ni kazi ya wanaume, na amri ya rais ya mwaka 2017 imeandika hivyo. Lakini kusikiliza hakukukatazwa kwa mtu yeyote. Nikamwambia binti yangu asiwaangalie warukaji, asikilize amashakwe tu. Baada ya muda nikaona kidole chake kinagonga gotini, sawa kabisa na ngoma.

Nikafahamu kwamba yale mashine ilishindwa kumpa, amashakwe zilikuwa zimempa kwa muda mfupi. Anayeshika mdundo wa chini hana sifa kubwa wala haruki, bali wote wengine wanamtegemea. Na akichechemea yeye, hakuna awezaye kusimama.

Ulaya kazi hiyo ilipewa mashine. Mwaka 1814 fundi aitwaye Dietrich Winkel, huko Amsterdam, aligundua kwamba kijiti chenye uzito juu na chini ya mhimili kinaweza kuyumba polepole ingawa ni kifupi. Mwaka 1815 Johann Maelzel alilichukua wazo hilo, akaongeza kipimo chenye tarakimu, akajiandikishia haki yake. Ndiyo maana katika vitabu vya muziki vya zamani utaona herufi M.M. na tarakimu kando yake: ni metronomu ya Maelzel, na tarakimu ni idadi ya migongo kwa dakika.

Sasa, mzazi mwenzangu, nikueleze tuliyojifunza, ili usipite njia yangu.

Metronomu ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya kijiti na kamani. Haihitaji umeme wala betri, na mtoto huona kijiti kinavyokwenda, jambo linalomsaidia kujua mgongo unaofuata utafika lini. Kwa kawaida alama zake huanza 40 na kuishia 208. Lakini yataka meza iliyonyooka, na kuukuu ni ya kutiliwa shaka. Ya pili ni ndogo ya betri. Hiyo haichechemei hata ukiilaza, na aghalabu ina tundu la kutilia visikizio, ili jirani alale. Kabla ya kuinunua, tazama kama betri zake zinapatikana katika duka la karibu nawe. Ya tatu ni programu ya simu. Ziko za bure, nazo hupima vizuri. Kwetu sisi ilishindikana kwa sababu simu ni ya mama yake: ikipigwa, zoezi limekatika, umeme ukikosekana, simu huhifadhiwa kwa mambo ya lazima.

Aina yoyote utakayoichagua, ipime kabla ya kutoa fedha. Iweke mahali palipo sawa, fumba macho, sikiliza kama nafasi zinalingana. Itege kwenye 60, hesabu dakika nzima kwa saa. Kisha kwenye 120, ufanye vilevile. Mwisho mpe mtoto apige ala yake, uone kama mgongo unasikika juu ya sauti ya ala. Muuzaji mwaminifu hatakunyima dakika tatu.

Na kama fedha hazijapatikana, usikate tamaa. Sisi tulikaa miezi miwili na uzi na jiwe. Funga jiwe dogo kwenye uzi, upime kutoka mahali uzi unaponing'inia hadi katikati ya jiwe. Uzi wa sentimita 99 na nusu huyumba mara 60 kwa dakika, ukihesabu kila mwendo wa upande mmoja kuwa mgongo mmoja. Wa sentimita 56 hutoa 80, na wa sentimita 25 hutoa 120. Uyumbishe kidogo tu, usiurushe. Hautoi sauti, na baada ya muda huchoka, lakini haudanganyi. Binti yangu aliufunga kwenye msumari wa mlangoni, akawa anapiga gitaa huku macho yake yako kwenye jiwe.

Hatimaye tulinunua ile ndogo ya betri. Mwalimu alitufundisha matumizi yake, nayo si magumu. Mtoto achague mahali panapomshinda, atege mwendo wa polepole ambao hakosei, apapige mara tatu bila kosa, ndipo apandishe tarakimu nne. Katika zoezi la nusu saa, dakika kumi za metronomu zatosha. Kisha aizime na apige peke yake, kwa maana kifaa ni cha kumfundisha, si cha kumbeba.

Juzi nilipiga simu nyumbani kutoka Muyinga, nikasikia gitaa nyuma ya sauti ya mama yake. Nilisikiliza niisikie metronomu, nisiisikie. Nikauliza kama betri zimekwisha. Mama watoto akacheka, akaniambia, "Ameizima mwenyewe. Anasema mahali hapa amekwisha pashika." Basi nikagonga kidole juu ya meza ya zamu, nikamfuata mpaka mwisho wa wimbo, na hatukuachana.