Kufuli kwenye Mfereji



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya kisiwani Pemba, katika nyumba ndogo ya mapadre mjini Chake Chake. Pemba ni sehemu ya Jimbo la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1980, na huko sisi Wakatoliki ni wachache sana kati ya ndugu zetu Waislamu. Siku ya kwanza Paroko aliniambia, "Frateri, hapa wengi hawatasikia mahubiri yako. Wataangalia unavyoishi." Nilidhani nimemwelewa.

Nilikabidhiwa kuangalia nyumba, na hasa maji. Yalikuja kwa mgao, tukayahifadhi katika tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa matofali. Nje palikuwa na bomba moja, mfereji kama wasemavyo wenyeji, ambapo watoto wa jirani walichota ndoo zao jioni. Mwezi Oktoba tangi likaanza kuwa tupu kabla ya siku ya mgao. Sikumuuliza mtu wala sikupima kitu. Nilinunua kufuli, nikaufunga mfereji.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na mama wa watoto wale alikuwa ameomba kuanika karafuu zake kwenye kibaraza chetu cha nyuma. Siku chache baada ya kufuli alikuja kuzigeuza, akaniita.

"Frateri, karafuu za upande huu wa ukuta hazikauki. Zinaota ukungu. Hapa chini pana maji."

Nikamjibu kwa adabu, lakini moyoni nilisema: huyu anatafuta njia ya kufunguliwa mfereji. Kufuli likakaa wiki tatu. Na tangi likaendelea kuisha vilevile.

Hatimaye Paroko alimwita fundi bomba, mzee wa makamo, mtulivu. Nilimpa shikamoo, nikaanza kumweleza habari za watoto na ndoo. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Umepima?" Sikuwa nimepima.

Jioni ile tulijaza tangi, tukafunga mlango wa maji yaingiayo, tukafunga koki zote, hata za matangi ya vyoo. Fundi akachora mstari wa mkaa usawa wa maji. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka sentimita 10. Kwa upana wa tangi lile ni karibu lita 90, usiku mmoja, na hakuna aliyefungua hata bomba moja.

Akaanza kugawanya. Kutoka tangini bomba linatoka mara mbili: moja kwenda jikoni, jingine kwenda bafuni kupitia chini ya ukumbi. Usiku wa pili alifunga koki ya jikoni tu, maji yakashuka. Usiku wa tatu akafunga ya bafuni, maji yakatulia. Tayari tulijua njia yenye ugonjwa, mita saba hivi, yote chini ya jamvi la zege.

Nilitaka tuvunje. Akanizuia. "Ukivunja kwa kubahatisha, utavunja ukumbi mzima. Nitakuja baada ya Isha, pakiwa kimya."

Alikuja tukiwa tumemaliza Sala ya Usiku. Maji ya tangini hayana nguvu ya kutosha kutoa sauti, kwa hiyo aliunga pampu ya mkono yenye geji kwenye bomba la bafuni akapandisha presha. Mshale ukapanda, kisha ukaanza kurudi polepole. Akachukua kipande cha nondo, akasimamisha ncha moja sakafuni, nyingine akaiweka sikioni. Alisogea hatua kwa hatua, akisimama na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Karibu na ukuta wa nyuma akaniita na kunipa nondo. Nikasikia mlio mwembamba, kama chai inayoanza kuchemka.

Nikainua macho. Ng'ambo ya ukuta ule ndipo karafuu zilipokuwa hazikauki.

Asubuhi alikata vigae kwa uangalifu, akavunja kwa tindo na nyundo ndogo eneo la kama sentimita 40 kwa 40. Udongo ulitoka ukiwa matope. Ndani tukakuta elbo ya bomba la chuma imeliwa na kutu. Akasugua kipande cha zege vidoleni, akasema mchanga huu ni wa pwani, una chumvi, na chumvi hula chuma. Akafunga tundu kwa mpira na klempu, lakini akamwambia Paroko ukweli: bomba lote lina umri mmoja, leo limetoboka hapa, kesho litatoboka kule. Bora liachwe, lizibwe, na bomba jipya la plastiki lipitishwe juu ya ukuta wa nje.

"Litaonekana, halitapendeza," nikasema.

"Ndiyo, litaonekana," akajibu. "Likivuja, utaliona siku hiyohiyo."

Ndivyo tulivyofanya. Lile shimo tukaliacha likauke, tukashindilia udongo, tukamwaga zege jipya la mchanga uliooshwa, na kulimwagilia maji siku saba.

Nami nilikuwa na jambo jingine la kurekebisha. Nilifungua kufuli, nikaenda nyumbani kwa yule mama, nikamwomba radhi: kwa kuwashuku watoto wake, na kwa kutomwamini aliponionyesha mahali penyewe.

"Mwanangu," akasema, "hasira sikuwa nayo. Safari za kisimani ndizo zilizonichosha." Kisha akamtuma binti yake alete chai.

Ndugu zangu waseminari, kila usiku tunatafiti dhamiri zetu. Mimi nilifanya hivyo wiki zote tatu kufuli likiwa pale, na sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa nikihesabu ndoo za wengine. Bwana wetu alionya juu ya kibanzi na boriti, nasi tunalijua fundisho hilo kwa moyo. Siku hizi nikihisi kitu kinapungua ndani yangu, iwe amani, uvumilivu au hamu ya sala, najaribu kufanya kama yule mzee: kufunga koki zote, kuchora mstari, kukaa kimya na kusikiliza. Na ninapokwenda kuungama, sitafuti tena sakafu nzuri ya kufunikia. Nataka bomba langu lipite nje, lionekane.

Niombeeni, nami nawaombea.